Jibu: Kwa nini dume mnyonge hubadilika ghafla

Ndugu yangu wa Kibirizi, umeuliza kwa nini samaki dume aliyefifia kwenye tangi lako alianza kung'aa na kufukuza wenzake mara tu ulipomwondoa mbabe wao. Kwa Astatotilapia burtoni wa Ziwa Tanganyika, ndugu wa perege, mstari mweusi hujitokeza chini ya jicho ndani ya dakika chache, kisha testosteroni, homoni ya kiume, hupanda. Linalonistaajabisha zaidi ni kwamba ubongo wenyewe, kwa kimeng'enya kiitwacho aromatesi, hugeuza sehemu ya testosteroni hiyo kuwa estrojeni, ambayo wengi tumezoea kuiita homoni ya kike, na hiyo ndiyo huchochea ukali: aromatesi ikizuiwa kwa dawa, dume hupunguza ugomvi lakini huendelea kuwabembeleza majike.