Muulize Mwalimu: "Nina 6.5 ya IELTS, mbona chuo kimenikataa?"

Wiki hii barua karibu zote zimekuja na jambo moja, mitihani ya Kiingereza ya kuingilia chuo, nadhani ni kwa sababu huu ndo msimu wa watu kuhangaika na ofa. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu maana najua wengi wenu mmekwama hapohapo.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo Mwanza, nimemaliza form six mwaka jana. Nimefanya IELTS nikapata kusikiliza 7.0, kusoma 6.5, kuandika 5.5, kuongea 6.5, na jumla wameandika 6.5. Chuo nilichoomba Uingereza kinataka 6.5 kwa hiyo nikajua nimepita, kumbe wamenijibu sijatimiza vigezo. Halafu nikipiga hesabu mwenyewe wastani wangu ni 6.375 sio 6.5. Sasa hapa nani kakosea? Mzee ameshasema hela ya kulipia mtihani mwingine hana.

JIBU: Marahaba, na pole sana. Hakuna aliyekosea kujumlisha. IELTS wanachukua alama zako nne (ndo zinaitwa bendi, ya juu kabisa ni 9), wanagawa kwa nne, halafu wanapeleka jibu kwenye nusu iliyo karibu: wastani ukiishia .25 unapanda kwenda .5, ukiishia .75 unapanda kwenda namba nzima. Ndo maana 6.375 yako imekuwa 6.5, na mwenzako mwenye 6.125 angeshushwa mpaka 6.0. Hapo wewe umepewa, hujanyimwa.

Kilichokukwamisha kipo kwenye ile barua ya ofa, irudie uisome sentensi mpaka mwisho. Vyuo vingi wanaandika jumla 6.5 halafu wanaendelea, kusiwe na kipengele chochote chini ya 6.0, vingine 5.5, na watu wakishaona ile namba ya kwanza hawaendelei kusoma. Kuandika kwako ni 5.5, basi, limeishia hapo. Na mimi kwa hili nawaelewa vyuo, kwa sababu mwaka wa kwanza utapimwa kwa kuandika tu, insha, ripoti, mitihani ya masaa mawili, ule usikivu wako wa 7.0 hautakuandikia ripoti.

Sasa tuongee kuhusu kuandika maana ndo kipengele kinachowaangusha wanafunzi wetu kuliko vingine vyote, na wengi hawajui kinavyosahihishwa. Una dakika 60 na kazi mbili. Ya kwanza unaelezea grafu au jedwali au mchoro kwa maneno yasiyopungua 150, ya pili ni insha ya maneno yasiyopungua 250, na hii ya pili ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza. Mara mbili! Lakini nimefundisha madarasa ya IELTS miaka mingi na kila darasa nakuta mtu ametumia dakika 35 kwenye grafu kwa sababu imetangulia kwenye karatasi, halafu insha anaikimbiza inaishia katikati. Grafu dakika 20, insha 40, na kama wewe ni mzito wa kuanza basi anza na insha, hakuna anayekukataza.

Msahihishaji anaangalia mambo manne na yote yana uzito sawa: umejibu ulichoulizwa, umepanga mawazo yakafuatana, msamiati wako, na sarufi. Hakuna kipengele cha Kiingereza kigumu. Nalisema hili kwa uchungu kabisa kwa sababu shuleni tumewazoesha watoto kukariri maneno mazito na utangulizi wa kufungulia insha yoyote, ile ya "In this modern era of globalization", na msahihishaji kaiona mara elfu, anaijua ni ya kukariri na wala haimpi kitu cha kukupa alama.

Nikuonyeshe sentensi, ni ya aina ninayokutana nayo kila wiki: "The number of student who are join university have increase since ten years ago." Maana imeeleweka, sio? Lakini hesabu. Student haina s. Are join haipo, ni join tu. Have inatakiwa has kwa sababu kinachozungumziwa ni number. Increase inatakiwa increased. Na since ten years ago hatusemi hivyo, ni in the last ten years. Makosa matano ndani ya mstari mmoja, na ukijaza insha nzima sentensi za hivi, hata kama hoja zako ni nzuri sarufi inakubakiza kwenye 5. Kwenye bendi 7 wanataka sentensi nyingi ambazo hazina kosa kabisa, kwa hiyo mtu anayeandika sentensi fupi zilizonyooka na ndefu chache anazozimudu anapata zaidi ya anayeandika ndefu tupu zilizopinda. Makosa mengine yanatoka kwenye Kiswahili chetu na hayo unaweza kuyawinda kabisa, he na she kuchanganyika kwa sababu sisi tuna "a" moja tu kwa wote, na a na the kuachwa kwa sababu kwetu hazipo.

Kwenye grafu kosa letu ni lingine. Unapewa chati ya matumizi ya maji kwenye nchi tatu, unaulizwa nini kimepanda, nini kimeshuka, wapi pana tofauti kubwa. Mwanafunzi anaandika sababu, eti ukame, eti serikali ijenge visima. Hujaulizwa sababu! Andika kinachoonekana kwenye chati, weka namba, linganisha, funga.

Kuhusu hela ya mzee, zipo njia kabla ya kulipia mtihani mzima. Ya kwanza ni kuomba alama zipitiwe upya, unaruhusiwa ndani ya wiki 6 tangu tarehe ya mtihani, unalipia, na alama ikibadilika hela yako inarudishwa. Kuandika na kuongea kunasahihishwa na watu kwa hiyo nusu bendi kupanda inawezekana, ila usiombe kwa ajili ya kusoma au kusikiliza, kule majibu ni sahihi au sio sahihi. Njia ya pili ni kurudia kipengele kimoja tu, inawahusu waliofanya kwa kompyuta, ndani ya siku 60, na sio kila kituo kinayo wala sio kila chuo kinaikubali, kwa hiyo andikia chuo kwanza upate jibu ndo ulipe. Wakati unasubiri usiandike insha mpya kila siku. Chukua moja, isahihishwe na mtu anayejua, iandike tena, isahihishwe, iandike tena mpaka iwe safi. Insha tano za namna hiyo ni bora kuliko hamsini ambazo hakuna aliyezisoma.

SWALI: Mwalimu habari, mimi ni Mtanzania nasoma Ankara, nimepata nafasi kozi ya uhandisi inayofundishwa kwa Kiingereza. Kabla ya kuanza tukapewa mtihani nikafeli, nikawekwa hazırlık, tena kundi la chini pamoja na watu ambao hata kujitambulisha hawajui. Mimi nimesoma sekondari yote kwa Kiingereza! Najisikia kudharauliwa. Niache niombe chuo kingine?

JIBU: Usiache kwanza, hebu tulia. Kwa wasomaji wasiojua, hazırlık ni mwaka wa maandalizi wa lugha, vyuo vya Uturuki vinavyofundisha kwa Kiingereza kama Boğaziçi ya Istanbul na METU ya hapo Ankara vina idara nzima ya kazi hiyo. Mwanzoni mwa mwaka kunakuwa na mtihani wa uwezo, ukifaulu unaenda moja kwa moja idarani kwako, usipofaulu unapangwa kundi kulingana na kiwango chako, halafu mwaka mzima ni kwizi na mitihani ya katikati mpaka ule mtihani mkubwa wa mwisho.

Elewa tofauti ya mitihani hii maana ndo inayokuumiza moyo bure. Mtihani wa kukupanga kundi kazi yake ni kukuweka mahali, hausemi una akili kiasi gani, na mara nyingi ni wa kuchagua jibu, sarufi na msamiati, kwa hiyo mtu aliyesoma fizikia na hesabu kwa Kiingereza miaka sita anaweza kuuanguka kwa sababu hajawahi kukaa akachambua sarufi kwa macho ya namna hiyo. Sisi tunajifunza Kiingereza cha kunakili ubaoni na kujibia mtihani wa bailojia. Hicho ni Kiingereza, lakini sio chote, na ukweli huu unauma.

Fanya hivi. Nenda ofisini kwao wiki hii hii, uliza kwa upole kama kuna utaratibu wa kuhamishwa kundi, vyuo vingi wanao mwanzoni mwa muhula mwalimu akiona mwanafunzi amewekwa pasipo pake, ila dirisha lake ni fupi. Wakikataa, kaa, na usidharau zile kwizi maana sehemu nyingi usipofikisha wastani fulani wa mwaka huruhusiwi hata kuugusa mtihani wa mwisho. Halafu uliza mtihani wa mwisho wa kusikiliza ukoje. Kuna vyuo wanakusikilizisha mhadhara mzima, wewe unaandika vidokezo, na maswali unayaona baadaye, baada ya mhadhara kuisha. Hapo ndo wengi wanafia, kwa sababu wamezoea kuona swali kwanza ndo wasikilize. Anza leo kusikiliza mhadhara wa dakika kumi na kuandika vidokezo kwa vifupisho vyako, kisha funga uueleze upya.

Na saa inatembea, kule maandalizi mwisho ni miaka miwili, ikiisha hujafaulu unapoteza nafasi kwenye ile kozi ya Kiingereza. Hiyo hasira itumie kusoma.

SWALI: Mimi ni mzazi, nipo Tanga. Binti yangu amepata kozi ya faundesheni Uingereza, ni mwaka mmoja kabla ya digrii. Tumelipia IELTS ya kawaida amepata 5.5 kila kipengele, sasa wakala anasema haifai kwa viza, tulipie nyingine. Huyu si mwizi?

JIBU: Mama, kwa hili wakala yuko sahihi, ingawa alitakiwa akuambie kabla hujatoa hela na hapo una haki ya kukasirika. Faundesheni iko chini ya ngazi ya digrii, na kwa kozi za chini ya digrii serikali ya Uingereza inataka mtihani ulioidhinishwa na wao kwa ajili ya viza, kwa upande wa IELTS unaitwa IELTS for UKVI (UKVI ni idara yao ya viza na uhamiaji). Maswali ni yaleyale, usahihishaji uleule, tofauti ni kituo kilichoidhinishwa na ulinzi wake. Angekuwa anaenda digrii moja kwa moja, chuo chenyewe kingeweza kumpima kwa njia yake. Kiwango cha viza kwa faundesheni ni B1, yaani ngazi ya kati kwenye vipimo vya lugha vya Ulaya, na 5.5 yake tayari iko juu ya hapo, kwa hiyo hana cha kuogopa kwenye mtihani wenyewe. Kabla ya kulipa mwandikieni chuo barua pepe, muulize jina kamili la mtihani wanaoutaka, msimtumie wakala kama mdomo wenu. Na wakala yeyote atakayekwambia anaweza kuleta cheti bila mtoto kukaa kwenye mtihani, mkimbieni, vyuo wanahakiki matokeo mtandaoni na mtoto ndo ataumia.

SWALI: Niaje ticha, nipo Mombasa, nimemaliza KCSE. Mtihani wa Kiingereza wa Duolingo ni bei rahisi na unafanyia nyumbani, kwani kuna haja ya IELTS?

JIBU: Poa. Inategemea unaenda wapi. Marekani vyuo vingi sana wanaikubali Duolingo, alama zake ni kuanzia 10 mpaka 160, mtihani ni kama saa moja, na majibu yanarudi kwa siku mbili hivi. Lakini kwa ile viza ya Uingereza niliyomwelezea mama wa Tanga haimo kwenye orodha. Na kufanyia nyumbani kusikudanganye kwamba ni rahisi, kamera iko wazi muda wote, ukigeuza macho pembeni mara kwa mara au mdogo wako akiingia chumbani wanaweza kuyafuta matokeo. Umeme na intaneti yako iwe ya uhakika, kaombe ofisi ya mtu kama kwenu stima inapotea.

Halafu wewe una kitu ambacho wenzako wa Tanzania mara nyingi hawana: baadhi ya vyuo vya Uingereza hukubali alama ya Kiingereza ya KCSE yenyewe badala ya mtihani mwingine kwa wanaoingia digrii. Fungua ukurasa wa chuo unachokitaka, tafuta sehemu ya wanafunzi kutoka Kenya, uangalie wanataka gredi gani. Ukiwa nayo unaweza usilipe hata shilingi.