Baiskeli ya kuchongesha: anza na siti, usukani uje mwisho

Mkuu mleta mada, umesema umeagiza fremu ya chuma ya vipimo vyako kutoka Uingereza, haijaanza kuunganishwa, na unataka ujue ununue usukani gani, stemu gani (kipande kinachounganisha usukani na baiskeli) na bomba gani la siti (linalobeba siti na kuingia ndani ya fremu). Umeuliza pia kama inafaa vyote vitatu viwe vya kaboni. Naendesha hapa Dodoma, barabara ya Chamwino mara nyingi na ya Bahi nikitaka mbali, kwa hiyo nakujibu kwa hali ya huku.

Kaboni iweke pembeni kwanza. Pesa yako ya mwanzo inunue urefu sahihi. Stemu ya kaboni ya milimita 120 kwa mtu anayehitaji 100 itamuumiza shingo kama ya alumini, ila yenyewe itakuwa imemgharimu zaidi. Na huku kwetu ukikosea kipimo hakuna duka la kubadilishia mtaa wa pili, unaagiza upya na kusubiri upya.

Wengi huanza na usukani kwa sababu ndio unaoonekana. Anza na siti, maana mahali pa siti panaamuliwa na miguu yako na pedeli tu. Ukishapapata, stemu na usukani vinafuata pale mikono ilipo. Ukianza na usukani utajikuta unasogeza siti mbele ili uufikie, halafu magoti yanaanza kulalamika.

Simama pekupeku, mgongo ukutani, banisha kitabu katikati ya mapaja ukikivuta juu hadi kigote, kisha pima toka sakafuni hadi juu ya kitabu. Zidisha kwa 0.883. Mwenye sentimita 86 anapata karibu 76, na huo ndio umbali toka katikati ya ekseli ya krenki (mikono inayobeba pedeli) hadi juu ya siti, ukifuata mstari wa bomba la siti. Hapo ni pa kuanzia tu. Mwenzako akuangalie kwa nyuma ukikanyaga: kiuno kikiyumba kushoto na kulia, siti iko juu mno, ishushe kidogo kidogo.

Mbele na nyuma tumia timazi ya fundi mwashi. Weka krenki zilale sawa na ardhi, uzi uanzie mbele ya goti la mguu ulio mbele, uangukie karibu na ekseli ya pedeli. Wengine wanapenda kukaa nyuma kidogo ya hapo, na si kosa. Jibu la timazi ndilo linalokwambia ununue bomba la siti lenye kichwa kilichonyooka au lililorudi nyuma milimita 20 au 25. Fremu yako bado ni karatasi, kwa hiyo mwulize mchoraji wa fremu amepanga bomba gani, kwa sababu mlalo wa bomba la fremu unalibadilisha jibu hilo.

Unene wa bomba la siti nao uuamue sasa. Mwombe mchoraji milimita 27.2, usikubali 31.6 kama huna sababu. Bomba jembamba linapinda kidogo ukipita kwenye rasta, na barabara zetu kila kijiji kina rasta na matuta yake. Lakini niseme ukweli wangu: tairi ya milimita 28 au 32 iliyojazwa upepo wa kiasi inakutunza mgongo kuliko bomba lolote la kaboni. Hakikisha fremu inaachia nafasi ya tairi hiyo.

Bomba la alumini ndani ya fremu ya chuma lazima lipakwe grisi, na ulichomoe mara kwa mara ulisafishe. Jasho na vumbi letu jekundu vikikaa humo, metali hizo mbili zinashikana, na siku ukitaka kulishusha utaliacha humo humo. La kaboni halipakwi grisi, lina dawa yake yenye chembechembe za kulizuia lisiteleze. Na ule mstari wa mwisho uliochorwa kwenye bomba usionekane nje ya fremu hata kidogo.

Tuje kwenye stemu. Kwa fremu ya vipimo, mchoraji mzuri anaanza na stemu ya 100 au 110 halafu anaijengea fremu nyuma yake, ili ubaki na nafasi ya kuongeza au kupunguza. Milimita 10 tu unazisikia mikononi. Kama unajua unapenda kukaa wima, mwambie arefushe bomba la mbele la fremu, kuliko uje urundike spesa (pete za kuinulia) nne chini ya stemu. Kila sentimita 1 ya spesa inakuinua, na pia inaurudisha usukani nyuma kama milimita 3, kwa hiyo vitu hivyo viwili vinakwenda pamoja. Stemu iliyoinama nyuzi 6 unaweza kuigeuza juu chini. Kwa ya milimita 100 usukani unapanda au kushuka kama sentimita 2 bila kununua chochote. Ndiyo maana nakusihi shina la foku (bomba la uma wa mbele linaloshikwa na stemu) lisikatwe siku ya kwanza. Endesha kwanza, mwili uzoee, ndipo likatwe.

Kuna mwenzangu tunaendesha naye, tukifika Chamwino alikuwa anashuka na kuikunja shingo kwa mikono. Stemu yake ilikuwa 120, na usukani wenyewe ulikuwa wa mtindo wa zamani, mrefu kwenda mbele. Tulimwazima stemu ya alumini ya 100 iliyotumika. Safari iliyofuata akawa anazungumza njia nzima, viwiko vimelegea, mabega yameshuka. Hakuna kingine tulichogusa.

Kwenye usukani hali ya Dodoma ndiyo inayoamua, na hasa upepo. Kiangazi unavuma toka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo ukielekea Chamwino unakupiga usoni, na ukielekea Kondoa unakupiga ubavuni. Hapo utaihitaji mikunjo ya chini ya usukani kweli, tena kwa muda mrefu. Chagua usukani mfupi: kwenda mbele milimita 70 hadi 80, kushuka 120 hadi 130. Ukishika chini uweze kukunja viwiko na kuona barabara bila kuvunja shingo. Usukani wenye kina kirefu unapendeza kwenye picha, ila mwenyewe ataishia kushika juu tu huku upepo unamla.

Upana uendane na mifupa ya mabega. Wengi wanaangukia sentimita 40 au 42. Lakini uliza unapimwaje. Kuna kiwanda kinapima katikati kwa katikati ya bomba, kingine nje kwa nje, na tofauti inafika karibu sentimita 2. Nisingekushauri mwembamba sana huku: lori likikupita kwa kasi na upepo wa ubavu ukaingia, upana ndio unaokusaidia kuishika njia.

Usinunue usukani ulioungana na stemu kuwa kitu kimoja. Ukitaka kubadilisha urefu unabadilisha vyote, na mara nyingi nyaya na mipira ya breki imepita ndani, kazi inakuwa ya siku nzima.

Ukinunua usukani wa mtumba angalia unene wake wa katikati, pale stemu inapoushika. Siku hizi ni milimita 31.8, za zamani ni 26.0 au 25.4. Usukani wa 25.4 unaingia kwenye stemu ya 26.0 na unaonekana umekaza, kisha unazunguka ukifunga breki mteremkoni. Usijaribu.

Mafundi wetu wanakaza kwa mkono na wanaijua chuma vizuri. Kaboni haitaki hivyo. Nunua spana ya kupima nguvu, mara nyingi nati zimeandikwa 5 Nm. Zile nne za mbele ya stemu kaza kwa kuvuka, kidogo kidogo, mwanya wa juu na wa chini ubaki sawa, isipokuwa kiwanda kimeandika vingine.

Weka hapa urefu wa mguu wako, upana wa mabega na mchoro wa fremu kabla hujauidhinisha, tuupitie pamoja.