Hiyo r ya Ziada Imetoka Wapi?

Safari hii maswali mengi yametoka kwa vijana wa vyuo waliorudi likizo huku kusini, na karibu wote wamekwama palepale, pale unapotoka kwenye koodineti za x na y ukaingia kwenye za pola (r ni umbali kutoka katikati, θ, yaani theta, ni pembe), silinda na tufe. Nimechukua manne.

Shikamoo mwalimu. Mimi niko mwaka wa kwanza, nyumbani ni Lindi. Kwenye intigrali mbili tunaambiwa dx dy inageuka kuwa r dr dθ. Nikiuliza hiyo r imetoka wapi naambiwa ni Jakobiani, kariri. Nimekariri ila kwenye mtihani nikaisahau, maswali mawili mazima yakaenda. Naomba nieleze mpaka iniingie.

Marahaba mwanangu. Mimi pia nilifundishwa hivyohivyo, kariri twende, na nilikaa miaka miwili naandika r bila kujua naandika nini, kwa hiyo swali lako nalichukulia kwa uzito wote.

Mwache Jakobiani kwanza, nenda kamwangalie bibi yeyote hapo mtaani anayeshona kitanga, ule mkeka wa duara. Ana ukili wake mrefu, tuseme upana sentimita 2, anaanzia kitovuni anazungusha. Akiwa sentimita 5 kutoka katikati mzunguko mmoja unakula ukili kama sentimita 31 tu, afu akifika sentimita 30 kutoka katikati mzunguko mmoja unakula karibu sentimita 188, yaani mara sita, na upana wa ukili ni uleule haujabadilika hata kidogo. Bibi hajasoma pola lakini anajua kabisa kwamba mizunguko ya nje ndo inamaliza ukindu.

Sasa huo upana wa ukili ndo dr yako. Na mzunguko mzima ni theta kutoka 0 hadi 2π, iwe karibu na kitovu au ukingoni, theta haioni tofauti, manake theta ni pembe, sio urefu. Hapo ndo penye kosa. Ukiandika dr dθ peke yake umezidisha urefu kwa pembe, umeuhesabu mzunguko wa ndani na wa nje kama ni sawa. Ili pembe igeuke urefu lazima uizidishe kwa umbali kutoka katikati, urefu wa tao ni r dθ, kwa hiyo kipande kidogo cha eneo kina upande mmoja dr na upande mwingine r dθ. Hiyo ndo r yako, haijadondoka kutoka mbinguni.

Jaribu kwenye kitanga cha nusukipenyo sentimita 30. Ukiweka r unapata 2π mara 450, kama sentimita za mraba 2,827, sawasawa na πr² ya shule ya msingi. Ukiisahau unapata 2π mara 30, yaani 188, na ukiangalia vizuri hiyo 188 ni sentimita tu wala sio sentimita za mraba. Umeulizwa eneo umejibu urefu! Kwa hiyo kwenye mtihani kabla hujafunga karatasi angalia vipimo, kama eneo limetoka kwenye sentimita basi kuna r umeiacha njiani.

Jakobiani sasa. Jina limetoka kwa Carl Gustav Jacob Jacobi, Mjerumani aliyeishi 1804 hadi 1851, na kazi yake kubwa kuhusu hizo ditaminanti ilitoka 1841. Weka x = r cosθ na y = r sinθ, tafuta mabadiliko ya kila moja kwa r na kwa θ, panga kwenye meza ya mbili kwa mbili, zidisha za mshazari mmoja utoe za mshazari mwingine (hiyo ndo ditaminanti), inakuja r cos²θ + r sin²θ, yaani r. Ni kitanga kilekile kimeandikwa kwa herufi, na faida yake utaiona ukikutana na koodineti za ajabuajabu ambazo huwezi kuzichora.

Mwalimu, mimi ni wa Masasi. Nimeambiwa nitafute intigrali ya r̂ dθ kutoka 0 hadi π. Mimi nikasema r̂ ni vekta yuniti, urefu wake ni 1 siku zote, nikaitoa nje, jibu π r̂. Kitabu kinasema 2j. Nani kakosea?

Umekosea wewe mwanangu, ila kosa lako ni la maana na nimeliona hata kwa watu waliomaliza digrii.

Chukua watu wamesimama nusu duara kwenye mchanga, wote wameshika kamba zilizofungwa kwenye nguzo moja katikati, kila mmoja anavuta kuelekea kwake kwa nguvu ileile. Ukimuuliza wa kulia unavuta wapi atasema nje, ukimuuliza wa kushoto atasema nje, wote wanasema neno moja lakini wanavuta pande zinazopingana! r̂ ndo hilo neno "nje". Urefu wake haubadiliki, sawa, ila mwelekeo unabadilika kila theta inapobadilika, na vekta inayogeuka huwezi kuitoa nje ya intigrali kama namba. i na j, vekta yuniti za upande wa x na wa y, unaweza, manake zenyewe zimesimama mahali pamoja, hazigeuki.

Kwa hiyo kabla ya kuintigreti andika r̂ = cosθ i + sinθ j. Cos kutoka 0 hadi π inatoa 0, wa kulia na wa kushoto wameuana, sin inatoa 2, na hapo unabaki na 2j, nguzo inaelekea mbele. Ukizungusha duara zima 0 hadi 2π unapata sifuri kabisa, nguzo haiendi popote hata watu wavute mpaka jasho liwatoke.

Na hapohapo nimalizie kitu wengi wanauliza, kwa nini daivajensi ya silinda, yaani kipimo cha kinachotoka nje kwa kila kipande cha ujazo, ina 1/r mbele na r ndani. Chukua F = r r̂ kwenye silinda. Ukifanya haraka unasema badiliko la r kwa r ni 1, imeisha. Lakini vekta hiyo ndo x i + y j, ambayo daivajensi yake ni 2, kila mtu anakubali. Hiyo 1 nyingine imepotelea wapi? Imepotelea kwenye kitanga. Ukitoka nje ukuta wa silinda unatanuka, kwa hiyo kinachopita kinaongezeka kwa sababu mbili, F yenyewe inakua na ukuta pia unakua. Ndo maana unazidisha F kwa r kwanza, r mara r ni r², badiliko lake 2r, gawa kwa r unapata 2. Hakiki kwa silinda ya nusukipenyo R na kimo h: kinachotoka ukutani ni R mara 2πRh, yaani 2πR²h, gawa kwa ujazo πR²h, 2 ileile. Huwa nafurahi kila nikiifanya hii hesabu ubaoni.

Niko fildi huku Mtwara kwenye mambo ya gesi. Tumeambiwa kasi ndani ya bomba la nusukipenyo R ni v = v₀(1 − r²/R²). Kutafuta ujazo unaopita kwa sekunde nimezidisha v₀ kwa eneo la bomba, jibu limekuwa mara mbili ya linalotakiwa.

Kasi ya v₀ iko katikati tu ndugu yangu, ukutani kasi ni sifuri. Intigreti v mara r dr dθ utapata πR²v₀/2, nusu kamili. Watu wanashangaa kwa nini inashuka mpaka nusu wakati katikati panakwenda kasi hivyo, jibu ni lilelile la ukindu, sehemu kubwa ya eneo iko karibu na ukuta ambako mwendo ni wa polepole, na pale katikati penye kasi eneo lake ni dogo.

Ila usiichukue hiyo fomula ukaenda nayo kwenye bomba kubwa la gesi linalotoka Madimba hapa Mtwara kwenda Dar, lile la inchi 36. Fomula yako ni ya mwendo mtulivu, kama kimiminika kizito kinachopita polepole kwenye bomba jembamba. Gesi kwenye bomba kubwa inachafukachafuka, kasi inakuwa karibu sawa sehemu kubwa ya bomba afu inaporomoka ghafla karibu na ukuta, kwa hiyo wastani unapanda juu ya nusu. Intigrali na r yake haibadiliki, kinachobadilika ni v unayoweka ndani.

Mwalimu tufe langu limetoka ujazo sifuri. Nimetumia r² sinθ, pembe mbili θ na φ zote nimepeleka 0 hadi 2π. Ni mimi wa Kilwa.

Nadhani umechukua fomula kitabu kimoja na mipaka kitabu kingine. Vitabu vingi vya fizikia theta inapimwa kutoka juu, kwenye ncha, inashuka, vingi vya hisabati theta ndo inazunguka na φ ndo inashuka, herufi zilezile zimebadilishana kazi. Kila ukifungua kitabu kipya angalia mchoro kwanza, usiangalie fomula.

Pembe inayoshuka inakwenda 0 hadi π tu, ncha ya juu mpaka ya chini, basi, inayozunguka ndo 2π. Ukiipeleka inayoshuka mpaka 2π, sin inakuwa hasi nusu ya pili na inafuta nusu ya kwanza, ndo sifuri yako hiyo. Na hiyo sin ipo kwa sababu duara za kulala zinapungua ukielekea ncha: kwenye ikweta digrii 1 ya kwenda mashariki ni kama kilomita 111, hapa Mtwara tulipo karibu digrii 10 kusini imepungua kidogo tu ni kama 109, ila London ni kama 69.

Rekebisha mipaka: r kutoka 0 hadi R inatoa R³/3, sin inatoa 2, mzunguko unatoa 2π, zidisha zote upate 4πR³/3.