Shangazi, kiuno kimenisahau

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nilicheza densi ya tumbo miaka mitano, nikaacha nilipobeba mapacha. Nilijifungua kwa upasuaji, sasa wana miaka mitatu. Juzi nilifunga mlango wa sebule, nikawasha muziki. Dakika mbili nyingi: mapaja yanawaka, mtetemo umekatika, tumbo la kuviringisha halina habari na mimi. Kengele moja ya vidole, vile visahani vya chuma vya kugonganisha, ikachomoka ikaingia chini ya kochi. Nina miaka 34. Nirudi darasani na wanaoanza, au ndiyo basi tena?
Mama Mapacha, Njiro, Arusha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo kengele, maana mimi nililaumu vidole vyangu mwezi mzima kumbe kosa ni la lastiki. Lastiki iliyokaa kabatini miaka mitatu hulegea hata kama hujaigusa. Nunua mpya, ile bapa, kwenye duka la vifaa vya kushonea. Kengele ikae kati ya ukucha na kiungo cha kwanza, kidole gumba na kile cha kati. Ukimaliza wimbo ncha za vidole zikafa ganzi, umekaza mno.

Tumbo sasa. Lala chali, kunja magoti, nyanyua kichwa kidogo huku umebonyeza vidole kwenye kitovu, kisha juu na chini yake. Ukisikia mfereji unaomeza vidole viwili au zaidi, misuli haijarudiana bado, na kwa aliyebeba mapacha si ajabu. Hapo acha kuviringisha kwanza, nenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Kama mkojo hukuponyoka ukikohoa, mweleze na hilo. Usione haya, anayasikia kila siku.

Mimi nilikaa miaka sita bila kucheza. Nikarudi Julai, hapa Moshi, asubuhi ya baridi ile ya kuvaa soksi mbili, nikajitosa moja kwa moja kwenye wimbo wa dakika tisa niliokuwa nikiumudu zamani. Wiki nzima nilikuwa nikiokota kijiko chini kama mwenye mimba ya miezi tisa. Sikuwa nimepasha mwili moto, halafu nilibinua makalio nyuma nikadhani ndiyo madaha. Legeza magoti, kifupa cha mkia kielekee chini, kifua kiinuke. Simama hivyo mbele ya kioo hata dakika tano kabla hujatikisa chochote.

Mtetemo wako umekatika kwa sababu unaulazimisha kiunoni. Unatoka magotini: moja linakunjika, jingine linanyooka, yanapokezana, nyonga zinafuata tu. Ukibana makalio umeuua. Anza taratibu kama unayetembea palepale, ongeza kasi siku nyingine. Na ule mkanda wa sarafu uache kabatini, makelele yake huficha makosa. Funga kanga nyongani uone nyonga ipi inachelewa.

Darasa la wanaoanza nenda, miezi miwili hivi, ila usijifiche mstari wa nyuma. Wasichana wa miaka 20 watakupita kwa pumzi, wewe utawapita kwa sikio. Sikio halizeeki haraka hivyo. Jipime kwa midundo miwili ya ngoma ya Kiarabu ukiosha vyombo, dum ni pigo zito, tak ni jepesi: maksumu ni dum tak, tak, dum, tak. Saidi ina dum mbili zinazofuatana katikati: dum tak, dum dum, tak. Ukizitofautisha bila kufikiri, nusu ya kazi umeshaimaliza. Tahadhari moja: sisi tuliolelewa na chakacha kiuno hukimbilia mzunguko wake, na mwalimu ataona. Mimi bado huwa nasahihishwa.

Kuhusu umri sitaki hata kukujibu. Dina, mcheza densi ya tumbo maarufu wa Cairo, aliyezaliwa miaka ya 1960, amepanda jukwaani akiwa amevuka 50. Wewe na 34 yako unaniandikia kama bibi anayegawa urithi!

Dakika 15, mara tatu kwa wiki, zinatosha kwa sasa. Mlango wa sebule usiufunge, watakugongea tu. Wape hao mapacha sufuria kuukuu iliyofunikwa kifudifudi: mmoja apige katikati, hiyo ndiyo dum, mwenzake apige ukingoni, hiyo tak. Wakigombana, badilisha zamu.