Kichwa kinachouma nusu ya mwezi

SWALI: Nauza vitenge sokoni Kadutu, hapa Bukavu. Kichwa kinanigonga upande mmoja, mwanga na kelele vinanisumbua, natapika. Mwaka huu kinauma zaidi ya siku 15 kwa mwezi. Kila asubuhi nameza parasetamoli hata kabla hakijaanza, ili nifungue meza. Dawa ya malaria nimemeza mara nyingi, sijapona. Nibadilishe nini?
Mama wa Kadutu

JIBU: Pole sana, Mama. Anza na kidonge hicho cha asubuhi. Hali yako inafanana na kipandauso sugu: kichwa kuuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, na siku 8 au zaidi kati ya hizo ziwe na dalili kama zako. Lakini parasetamoli au ibuprofeni ikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, yenyewe inageuka chanzo cha maumivu. Vidonge vilivyochanganywa na kafeini au kodeini vinafika huko kwa siku 10 tu. Dawa ya jana inaisha usiku, asubuhi ubongo unadai nyingine.

Parasetamoli unaweza kuiacha mara moja. Chagua wiki ambayo binti au mdogo wako atakushikia meza, kwa sababu siku 2 hadi 10 za kwanza kichwa kitazidi, na hapo ndipo wengi wanarudi farmasi. Nafuu yenyewe inaweza kuchukua miezi 2. Kama ni tramadoli au kodeini, dawa kali zaidi za maumivu, usiikate ghafla. Daktari akupunguzie taratibu. Baadaye dawa ya maumivu isizidi siku 2 kwa wiki, imezwe maumivu yanapoanza tu: ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, ila si kwa mwenye mimba, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo.

Kisha ratiba, maana kipandauso hakipendi siku inayobadilika-badilika. Lala na uamke saa zile zile, hata Jumapili. Usiende sokoni na tumbo tupu ukingoje kula saa nane mchana. Viazi vitamu vya jana na kikombe cha uji vinatosha. Maji je? Akina mama wengi sokoni hawanywi kwa kukwepa choo. Tunajua choo chenyewe kilivyo, hata hivyo kunywa glasi moja kila saa mbili, na pesa ya choo iingie kwenye hesabu ya siku. Kahawa isizidi vikombe 2. Ukitaka kuiacha, punguza nusu kikombe kila baada ya siku chache, kwani kuikata ghafla nako kunaumiza kichwa. Tembea kwa haraka dakika 30, mara 3 kwa wiki.

Chunguza pia mbabula, jiko la makala (makaa). Kichwa kikiuma nyumba nzima wakati wa kupika, kisha kikatulia mkitoka nje, hiyo ni sumu ya hewa ya makala. Washia nje, na usilale nayo chumbani hata kukiwa na baridi.

Nyuma ya daftari la madeni, andika kila siku: saa za usingizi, saa ya chakula cha kwanza, vidonge, hedhi, na ukali wa maumivu toka 0 hadi 10. Mpelekee daktari. Kuna dawa za kinga, za kuzuia kichwa kisianze, kama amitriptilini, au propranololi kwa asiye na pumu.

Malaria inapimwa, kipimo kisipoiona, usimeze dawa yake. Na kichwa kikilipuka ghafla kuliko siku zote, au kikija na homa na shingo ngumu, au uso au mkono ukilegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Kabla kichwa hakijauma naona vimulimuli machoni. Natumia vidonge vya kupanga uzazi. Kuna ubaya?
Msomaji wa Ibanda

JIBU: Upo, kama vidonge vyako vina homoni iitwayo estrojeni. Vikikutana na kipandauso cha vimulimuli, hatari ya kiharusi inaongezeka, zaidi kwa anayevuta sigara. Peleka pakiti kituo cha afya wiki hii, uombe njia isiyo na estrojeni: kipandikizi, kitanzi, au vidonge vyenye homoni ya projestini pekee.