Mkandarasi, kanuni zako za kazi zimeandikwa kwa lugha ya nani?

Tulikuwa tunajenga hosteli ya ghorofa tatu Njiro, hapa Arusha. Asubuhi moja mlinzi akamkuta fundi nondo anatoka getini na vipande vya nondo ndani ya kiroba. Foremani alimvua kofia ngumu palepale, akamlipa siku zake tatu za wiki ile, akamwambia asirudi. Mimi ndiye ninayeshughulikia wafanyakazi katika kampuni yetu, na niliposimuliwa nikasema sawa. Mwizi ameondoka, yameisha.

Hayakuisha. Kabla siku 30 hazijapita alikuwa amefungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi. Nilikwenda pale Arusha mjini na faili kwapani, sina wasiwasi wowote, kwa kuwa kampuni ilikuwa na kitabu cha kanuni za kazi. Kurasa sitini na kitu, Kiingereza kitupu, tulikipata kwa jamaa mmoja wakati tunaomba tenda iliyotaka kiambatanishwe. Msuluhishi akaomba mkataba wa maandishi wa yule fundi. Hatukuwa nao, ingawa alikuwa nasi kwa miezi 14, saiti mbili mfululizo. Akaomba kumbukumbu za kikao cha nidhamu. Hakikufanyika. Halafu mwakilishi wa fundi akachukua kitabu chetu, kile nilichokipeleka mwenyewe, akasoma taratibu: mtuhumiwa apewe tuhuma zake kwa maandishi, apate angalau saa 48 za kujiandaa, asikilizwe, na aruhusiwe kuja na mfanyakazi mwenzake wa kumsaidia. Sisi tulimsikiliza getini, dakika mbili. Tukamalizana kwa suluhu, na fedha tuliyolipa ndiyo tuliyokuwa tumeitenga kwa mashine ya kuchanganyia zege.

Kwamba alichukua zile nondo, naamini mpaka leo. Ila Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 haitazami sababu peke yake, inatazama pia njia uliyopita. Na kitabu cha kanuni, ukishakiita chako, kinakufunga wewe mwajiri kabla hakijamfunga saidia fundi.

Kabla ya kitabu, anza na mkataba. Makandarasi wengi wadogo wa huku kwetu tunaamini kwamba mtu anayelipwa kila Jumamosi ni kibarua tu, hana haki ya zaidi ya ujira wake. Si kweli. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, akishapita mwezi wa kwanza, anastahili notisi ya siku 4. Wa mwezi ni siku 28. Kibarua unayemwita na kumwacha, ukamwita tena, akifikisha jumla ya zaidi ya miezi 6 kwako ndani ya mwaka, ana haki ya likizo ya malipo. Na yule fundi mkuu anayekuja na vijana wake usidhani hawakuhusu. Sheria ya Taasisi za Kazi inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa kama, kwa mfano, wewe ndiye unayempangia saa na namna ya kufanya kazi, au amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Kijana wa kubeba zege anazifikisha hizo kwa wiki moja.

Sisi tunatumia mkataba wa kazi maalumu, na hiyo kazi tunaitaja kwa jina: kusuka nondo na kumwaga jamvi (sakafu ya zege) la ghorofa ya kwanza, jengo fulani. Ukiandika "kazi za ujenzi" tu, hakuna atakayejua imeisha lini. Mkataba uwe na tarehe ya kuanza, mahali pa kazi, saa za kazi, ujira na namna unavyokokotolewa. Shauri likifika mbele na huna karatasi, mzigo wa kuthibitisha makubaliano yalikuwa yapi unakuwa wako. Yeye akisema mlipatana elfu 25 kwa siku na wewe ulikuwa unampa elfu 18, ni wewe unayetakiwa kuonyesha vinginevyo. Na usichome mafaili mradi ukiisha, maana kumbukumbu hizo unatakiwa kuzitunza miaka 5 baada ya mtu kuondoka.

Kitabu tulikiandika upya, kurasa 12, Kiswahili. Nilikaa stoo na foremani na waashi wawili, juu ya mifuko ya saruji, tukapitia neno kwa neno. Kisha Jumamosi moja kabla ya malipo tukawasomea watu wote kwa sauti. Sheria yenyewe inadai kwamba asiyeelewa maandishi aelezwe kwa namna anayoielewa, na saiti zetu zina watu wazima makini wasiojua kusoma.

Nilipofika kwenye upotevu wa vifaa, mzee mmoja mwashi akanyoosha mkono. "Mama, toroli likiibiwa usiku, tunakatwa wote?" Pakawa kimya. Tulikuwa tunafanya hivyo miaka yote: kifaa kikipotea, kila mtu anakatwa. Ilibidi nimjibu mbele ya wenzake kwamba hapana, na kwamba tulikuwa tunakosea. Kumkata mtu kwa hasara kunataka hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake mwenyewe, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Yule mzee akasema, "Haya, endelea." Swali lake sasa ni kifungu kamili, na maneno yake "tunakatwa wote" tumeyaacha kama alivyoyasema.

Saa za kazi nazo zilitusumbua, kwa sababu zege halingoji. Kawaida ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Siku ya kumwaga jamvi mnapitiliza, na hapo kila saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, kwa makubaliano, isizidi saa 50 ndani ya wiki 4. Kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5. Soda na chapati za jioni ni ukarimu, hazihesabiki kama malipo. Tulipoanza kuandika saa hizo kwenye daftari la mahudhurio, kila mtu akiweka sahihi au dole gumba lake, ugomvi wa Jumamosi ulipungua sana.

Usajili wa OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi usiufanye kwa ajili ya tenda tu. Mtu akianguka kwenye jukwaa na jina lake halimo kwenye orodha yako, ndipo utajua umemfanyia nini yeye na watoto wake. Kofia, buti na mikanda ni gharama ya mwajiri, asikatwe mtu.

Jambo moja watu hulisahau: andika mahali ulikomchukulia mfanyakazi. Kama ulimfuata Kondoa ukamleta Arusha, ajira ikikoma ni juu yako kumrudisha yeye na mizigo yake, au kumpa nauli. Mradi wetu wa mwisho Usa River tulikuwa na vijana wanane kutoka Kondoa. Siku ya kufunga saiti kila mmoja alipewa bahasha ya nauli na hati yake ya utumishi. Mmoja akaikunja hati mara nne, akaifunga ndani ya kitambaa pamoja na kitambulisho chake, akaniuliza kama mwezi ujao tuna kazi.