Figo mpya, dozi mbili, halafu uvue barakoa? Usithubutu

Usivue. Umesema una miezi minane tangu upandikizwe figo, umemaliza dozi mbili za UVIKO-19, na unataka kwenda harusini bila barakoa. Tena umeuliza kuhusu chanjo ya mafua. Ngoja kwanza hilo la harusi.

Mimi nilivua, mwaka 2021. Aliyenichoma dozi ya pili nilimwambia kabisa kwamba nimepandikizwa. Akanipigapiga begani: "Sasa uko salama, kaishi maisha yako." Nikimkumbuka damu bado inanichemka! Lile ni jibu la mtu mwenye kinga kamili. Dawa tunazomeza ili mwili usiikatae figo, hasa maikofenoleti, ndizo hizohizo zinazoufanya mwili uipokee chanjo kwa uvivu. Mwaka huohuo watafiti wa Johns Hopkins, chuo kikuu cha Marekani, waliwapima watu 658 waliopandikizwa viungo: baada ya dozi mbili, ni asilimia 54 tu waliokutwa na kingamwili.

Lakini barakoa siyo iliyoniponza zaidi. Zilizoniponza ni siku nne. Jumatatu nilianza kukohoa, nikajiambia nimechanjwa, haya ni mafua tu. Ijumaa mwanangu akanikuta nimeshikilia sinki kwa mikono miwili, mswaki umeanguka, siwezi kusukutua mpaka nipumzike. Usiku huo nililala na oksijeni puani, na figo niliyoisubiri miaka ikaanza kuyumba.

Kwa hiyo shika hili: ukikohoa asubuhi, hadi mchana daktari wako wa upandikizaji awe ameshajua. Dawa za virusi haziwangoji wazembe. Paxlovid, vidonge vya kutibu UVIKO-19, inatakiwa ianze ndani ya siku 5 tangu dalili ya kwanza, na wewe huwezi kuimeza kienyeji, maana inapandisha takrolimasi, dawa nyingine ya kuzuia mwili usiikatae figo, kwenye damu hadi iwe sumu. Lazima daktari akupangie dawa zako upya.

Chanjo ya UVIKO-19 usiache dozi hata moja. Toulouse, Ufaransa, dozi ya tatu ilipandisha idadi ya waliopandikizwa wenye kingamwili kutoka asilimia 40 hadi 68. Na wa nyumbani kwako wote wachanjwe. Ya mafua chomwa sindano, ile ya kupuliza puani ina virusi hai.

Namba ya daktari wako, ukiacha simu yako, nani mwingine hapo nyumbani anayo?